Kilima cha Kwenda Kanisani

Kwa muda mrefu mke wangu alikataa kukaa nyuma ya baiskeli yangu. Tulipokuwa wachumba nilimpeleka kanisani kila Jumapili, amekaa upande kwenye keria, Kalemie nzima ikituona. Kisha uzeeni nikaugua, mguu wa kushoto ukafa ganzi, na tangu hapo akawa ananishika mkono hata kuvuka barabara. Nilichukia. Nilimwoa awe mke wangu, si muuguzi wangu.

Mguu uliporudiwa na nguvu kidogo, niliitoa baiskeli nikaitia mafuta. Asubuhi ya kwanza nilianguka kwenye mchanga kando ya ziwa. Wavuvi walicheka, nami nikawatukana mpaka walipokuja kuniinua. Lakini nilirudi nyumbani na njaa ya kweli, ambayo sikuwa nimeisikia tangu niugue. Nikajua nimepata dawa.

“Sasa utakaa nyuma,” nilimwambia mke wangu. “Ng’ombe haelemewi na nunduye.”

“Papa, nundu ya ng’ombe haiogopi. Miye naogopa. Panda kwanza kilima ya kanisa bila kukanyaga chini, njo nitakaa.”

Aliujua ukali wa kilima kile. Hata vijana hushuka wakakokota. Nilikijaribu kila asubuhi, na mama anayeuza mandazi pale juu akajifanya hakimu wangu. “Leo umefika kwa ukuta, Papa. Jana ilikuwa kwa mufereji.” Siku hizo nilikuwa naamka kabla ya jogoo, nina furaha kama mtu anayengojewa mahali.

Asubuhi moja mguu ulinitii. Nilipita mfereji, nikapita ukuta, nikaona mafuta ya mandazi yanavyofuka. Mbele yangu mtu wa makala, yaani mkaa wa kupikia, alikuwa amekwama na magunia matatu kwenye baiskeli, anaizuia isirudi nyuma. Huku kwetu ukimkuta mwenye mzigo kilimani, nawe huna, unashuka unasukuma. Hungoji kuombwa. Nilimlaani moyoni, yeye na makala yake yote. Nikashuka, nikalaza baiskeli yangu kando ya barabara, tukasukuma mpaka juu.

Nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia.

“Nasikia ulishuka,” alisema mke wangu.

“Nilishuka, ndiyo! Ulitaka nimpite?” Nilikuwa nafoka, na machozi yalikuwa karibu.

Alinipakulia ugali na samaki, akakaa kunitazama nikila.

Jumapili alitoka amevaa kitenge chake kizuri, akakaa kwenye keria bila kuulizwa. Niliogopa kusema neno asije akabadili nia. Tulikwenda vizuri kabisa mpaka kilimani. Kwenye mfereji pumzi ilianza kuniishia, usukani ukayumba, na ghafla nikahisi baiskeli imekuwa nyepesi. Alikuwa ameruka chini.

“Usikanyage!” alinipigia kelele kwa nyuma, mikono yake miwili imeshika keria. “Piga pedale tu, Papa. Nani iko na muzigo hapa, si weye?”

Alisukuma, nami nikapiga pedali. Tukapita ukuta. Mama wa mandazi alitupigia vigelegele, na mguu wangu haukugusa chini hata mara moja. Pale juu mke wangu alifunga kitenge chake upya, akapanda tena, nami nikamfikisha mlangoni mwa kanisa.