Pembe za Ng'ombe Mwenye Bima

Mimi ni mwalimu hapa Eldoret, na kila siku huwaambia watoto wasome swali mara mbili. Sasa sikieni mwalimu mwenyewe.

Juzi nilienda benki na mke wangu kuomba mkopo wa ploti kule Soy. Deposit alishalipa yeye. Mama wa mikopo akaangalia kompyuta. "Mwalimu, umeorodheshwa CRB, kwa wasiolipa madeni. Hujalipa ile bima ya ng'ombe tuliyokuuzia."

Nikamcheka. Ng'ombe gani, na tulimchinja Krismasi ya mwaka juzi? Nikaeleza kwa sauti, ili foleni yote ielimike, kwamba zile meseji za kudai bima zilizokuwa zikiingia kwenye simu yangu ni za matapeli, na mimi si mjinga.

Akatoa fomu niliyosaini mwenyewe: bima itajirudia kila mwaka hadi mteja aikatae kwa barua.

"Lakini niliwajibu," nikasema.

"Ndiyo, jibu liko hapa." Akamgeuzia mke wangu skrini. Nilikuwa nimeandika: "Huyo ng'ombe tulimla. Kujeni mchukue pembe, wezi nyinyi."

Mke wangu akasoma mara mbili.