Aliyekuja Kumtafuta Mdogo Wangu

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, saluni kwangu Greyville, hapa Durban. Cheka ukipenda.

Mdogo wangu Safari alikuwa akifanya kazi nje ya Durban, mahali wanapolea tumbusi, wale ndege wakubwa wala mizoga, kisha wanawaachilia milimani. Kifaranga hatakiwi kumzoea binadamu. Kwa hiyo unamlisha ukiwa nyuma ya pazia, mkononi umevaa glavu iliyoshonwa kama kichwa cha tumbusi, na husemi neno. Lakini Safari ana huruma. Kulikuwa na kifaranga jike, yatima, akawa anamnong'oneza Kiswahili chetu cha Bukavu. Siku ya kumwachilia, alilia kama mtu aliyeozesha binti.

Miezi ikapita. Siku hiyo sikuwa na mteja hata mmoja. Akaingia mwanamke mrefu, koti jeusi limening'inia mabegani, kitambaa kichwani. Akakaa bila kukaribishwa. Mara nikasikia harufu ya nywele zinazoungua. Nikatazama pasi ya nywele: haikuwa hata kwenye umeme.

"Karibu, mama. Tusuke?"

Akavua kitambaa. Niamini, kichwa kizima hakikuwa na nywele, ila vinywele laini vyeupe kama vya mtoto mchanga.

"Ule mwenye alikuwa ananikulisha," akasema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, "iko wapi?"

"Nani, mama?"

"Jina yake sijue. Uso yake sijaona. Mkono yake tu, na sauti." Akameza mate. "Kule juu wenzangu walinifukuza kwenye nyama. Miye sijue kutafuta."

Wewe ungefanya nini? Nikampigia Safari, nikaweka spika ili nisibaki peke yangu na sauti ile.

"Safari, yule ndege wako..."

"Yaya, usinikumbushe." Ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa. "Wamemuokota leo asubuhi, amekufa, chini ya nyaya za umeme. Ameungua bawa lote."

Mwanamke akageuza shingo polepole kuelekea kwenye simu. Akatabasamu kama mtoto aliyemsikia mama yake mlangoni. Kisha akainuka, akatoka.

Nilipofika nje, barabara ilikuwa tupu. Jirani yangu wa duka la simu alisimama mlangoni kwake, ameziba pua. "Eish, mama, unaunguza nini humo?"

Nilipomweleza Safari, hakubisha. Aliacha kazi. Sasa amejifungia chumbani kwake mtaa wa Overport, ghorofa ya juu kabisa, kanisani haji. Kila jioni anaweka nyama mbichi roshani, asubuhi haipo. Yeye mwenyewe amebaki mifupa. Nilimsihi aache, akaninong'oneza:

"Yaya, nikiacha, atakula nini?"

 

Basi wewe unayesoma, ukilea kitu ili ukiachilie, kilishe, kifunike baridi, lakini sauti yako usikipe. Na akija mtu kumuulizia ndugu yako bila kumjua jina, mwambie hujui. Mfungulie mlango aende zake, wala usimchungulie ameelekea wapi.