Hitima Niliyoiombea Dua

Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki imechanganyika na moshi wa vifuu vya nazi, husimama nikatega sikio. Wengine wakiisikia huuliza mkate wa kumimina utaiva lini. Mimi huuliza kimoyomoyo: kafa nani? Msinicheke, ngojeni kwanza niwaeleze.

Tulikaa kisiwani Chole, mama na mimi, wawili tu tangu baba afariki. Mama alikuwa akipika mikate ya kuuza. Mchele aliuroweka tangu jana yake, akautwanga, akauvuruga kwa tui zito, sukari na iliki, akauacha uumuke. Kisha huutia motoni, makaa ya vifuu chini na mengine juu ya kifuniko, mkate ukaiva uso na mgongo. Kazi yangu ilikuwa kuipeleka sokoni kichwani, kwenye sinia iliyofunikwa kawa. Siku zile boma la Mdachi, yaani Mjerumani, lilikuwa papo hapo Chole, basi askari na makarani waliinunua yote kabla sijafika mwisho wa soko, nami hurudi nyumbani nikiipiga ile sinia kama ngoma.

Halafu boma likahamia Kilindoni, ng'ambo ya maji. Nani angemweleza mtoto mambo ya Wadachi? Mimi niliona tu kwamba soko limelala doro. Nikawa kiguu na njia, naita "Mkate wa moto! Mkate wa moto!" hata mkate wenyewe ulipokwisha kupoa zamani. Mnunuzi wa hakika alibaki mmoja, Bibi Mize, ajuza jirani yetu, aliyechukua kipande cha katikati kila siku kwa sababu meno hana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwanaisha, mjukuu wangu. Imebaki mingapi leo?"

"Michache, bibi."

Alifunua kawa, akatazama, akafunika tena. Hakuniumbua hata siku moja. Iliyobaki tuliila wenyewe, asubuhi mkate, mchana mkate, na jioni mkate uliokauka. Mtoto anayelilia mkate mleteni kwangu nimsimulie.

Siku moja mjomba alikuja kutoka kisiwa cha Jibondo kuteka maji, maana kwao visima havina maji ya kunywa. Nikamsikia uani akimwambia mama, "Dada, biashara imekataa, usijitese. Nipe huyu mtoto nikakae naye. Mambo yakikunyookea utamchukua."

Mama akasema, "Ngoja tuuone mwezi huu."

Kiu ya Jibondo sikuiogopa sana. Nilichoogopa ni kulala bila kushika upindo wa kanga ya mama, na kuamka nisimwone. Tangu hapo kila mkate uliorudi nyumbani niliuona kama hatua moja kuelekea kwenye chombo cha mjomba. Nilianza kuwaangalia wapita njia usoni, huyu atanunua, huyu hanunui, hata nikawa naota nyuso zao.

Sasa, chuoni tulikosoma Kurani, mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba dua ya yatima haina pazia mbele ya Mungu. Yatima si ndiye mimi? Nikafikiri, nani hununua mikate mingi kwa mara moja? Mwenye msiba. Siku ya tatu watu husoma hitima, na wakimaliza kusoma hula. Harusi nayo ingefaa, lakini mwezi ule sikusikia posa ya mtu yeyote. Basi baada ya alasiri nikajificha nyuma ya jiko, nikainua mikono: "Ya Rabi, tupe hitima moja kubwa. Asiwe mtu ninayemjua. Awe mzee aliyechoka, na jamaa zake wawe wengi, walaji." Niliomba hivyo siku saba.

Siku ya nane mlango wa Bibi Mize haukufunguliwa.

Mwanawe mkubwa alikuja kwetu macho mekundu. "Mama Mwanaisha, mama katutoka."

"Hitima lini?" mama akauliza. Kisha akashtuka, akajiziba mdomo. "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun."

Akaagizwa mikate ishirini. Wanawake wa jirani walikuja kutusaidia kutwanga, na mmoja wao akashusha pumzi akasema, "Ndiyo dunia, kufa kufaana." Mchi ukanitoka mikononi. Nilidhani amejua! Nikakimbilia nyuma ya jiko: "Ya Rabi, si nilisema nisiyemjua? Mrudishe basi, nitakwenda Jibondo." Nilisikiliza kama mlango wa jirani utalia. Haukulia.

Asubuhi ya hitima, mama akipanga makaa juu ya kifuniko, nilishindwa.

"Mama, Bibi Mize nimemuua mimi."

Nikamweleza yote, hata ile habari ya jamaa walaji, kisha nikangoja kofi. Mama aliweka koleo chini akanivuta.

"Siku yake ilifika, mwanangu. Mungu hachukui roho ya mtu kwa ajili ya mikate."

"Lakini niliomba, mama. Siku saba."

"Nyamaza." Akaokota koleo, akageuza kaa moja juu ya kifuniko. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Nani kakwambia uliomba peke yako?"

Wallahi, nilifurahi! Nilidhani ananibembeleza tu, kwamba dua za namna ile huombwa na watu wengi na wala si dhambi kubwa. Hitima ikasomwa, mikate ikasifiwa, na waliokuja kutoka ng'ambo wakaagiza ya maulidi. Mwezi ulipokwisha mjomba akaja tena, akaondoka na maji yake bila mimi.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikafiwa na mume, nikabaki na watoto watatu na mchele uliorowekwa usio na mnunuzi. Asubuhi moja kilio kilipigwa nyumba ya pili. Kabla ulimi haujasema innalillahi, nilijikuta nimeshainuka naitafuta pishi ya kupimia mchele. Nikaketi chini palepale, nikalia.

Mama hakuwa akinibembeleza. Alikuwa anaungama, kwa mtoto wa miaka minane, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwambia. Na mimi, mjinga wa Mungu, nilifuta machozi nikamwuliza kama naweza kulamba mwiko.