Mgeni wa Asilimia Thelathini na Tano

Ukitaka kuniita mwongo, niite sasa hivi tumalizane, kisha ukae usikilize. Mimi si mtu wa kuona majini. Nimezaliwa Tanga, ambako kila jirani ana jini lake, na sikuwahi kupata hata la kuazima. Hili lilinikuta Kigoma, saa tisa mchana, jua linawaka, nimeshiba wali kwa samaki wa ziwani, mgebuka.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wa Burundi wanashushwa kwa boti. Nilikuwa karani wa shirika moja dogo lililopanga chumba mtaa wa Kasingirima. Kazi yangu ilikuwa kuandika watoto waliofika bila wazazi, na jina la ndugu aliyepatikana kambini. Madaftari yalikuwa yamelowa mvua, basi majina yote nikayahamishia kwenye laptop ya ofisi. Kuukuu hiyo, betri imekufa, haiwaki mpaka uichomeke ukutani. Nakala nyingine? Usiniulize.

Kesho yake alfajiri lori lingewapeleka watoto kwa ndugu zao, na mtoto ambaye jina lake halimo kwenye orodha habebwi. Nikawasha laptop nichapishe, nayo ikachagua siku hiyo hiyo kujisasisha. Ikapanda vizuri hadi asilimia thelathini na tano, ikagoma. Chini yake imeandika: usizime kompyuta. Saa nzima ikapita. Nikachomoa printa, nikachomoa kipanya na modemu, nikaiinua nikaipepea kwa kanga maana ilikuwa ya moto kama chapati. Wapi! Kile kijitaa cha pembeni, kinachomemeteka diski inapofanya kazi, kilikuwa kimezimika. Na saa kumi umeme wa mgao ungekatwa mtaani kwetu. Nikampigia fundi wetu, alikuwa Kasulu.

"Dada, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi, itazima tu. Halafu washa upya."

"Na majina ya watoto?"

"Hapo omba Mungu."

Nikaweka kidole kwenye kitufe. Kabla sijakibonyeza, nikasikia hodi.

Mwanamke alisimama mlangoni, kitenge cha kijani, amelowa chapachapa tangu kichwani. Jua linawaka, nakwambia!

"Shida yako nini, mama?" nikamuuliza, hata karibu sikumpa.

Najua, najua. Kule hilo ni kosa kubwa. Waha na jamaa zao Warundi hawaikimbizi salamu. Mwanamke anapinda goti, anapiga makofi taratibu, nawe unampigia, mnaulizana habari za nyumba nzima, ndipo jambo lisemwe. Na mimi, mtoto wa Tanga niliyelelewa kwa maneno matamu, siku hiyo sikuwa nalo hata moja.

Akapinda goti. "Amahoro," akasema, yaani amani, salamu ya kwao. Akapiga makofi mawili, akageuza viganja, akakiweka kimoja kifuani. Nikampungia mkono mmoja, kidole cha mwingine bado kwenye kitufe. Akaanza upya. Nikapunga tena. Akaanza upya tena, hana hasira, hana haraka. Nikaelewa kwamba hatasema neno mpaka nimsalimie kwa mikono miwili. Basi nikaondoa kidole, nikapiga.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba makofi yanayosikika ni yangu peke yangu. Yake hayakulia. Viganja naviona vinakutana, kimya. Nikatazama sakafu chini yake: kavu.

Unadhani nilikimbia? Miguu iligoma kama laptop. Mikono ndiyo iliendelea. Akaniuliza nyumba, akaniuliza wanangu, akaniuliza mama yangu, nami najibu na kupiga. Amini usiamini, hofu ikaniisha. Nikajisikia kama nimetembelewa na mtu wa kwetu.

Salamu ilipokwisha akasema, "Jina la mwanangu limo? Inamahoro."

Nikageukia kioo. Asilimia tisini na sita! Kijitaa kinamemeteka. Ikajizima, ikajiwasha, nikafungua orodha. Namba kumi na saba: Inamahoro, miaka sita, mama mdogo wake yuko kambini.

"Limo, mama."

"Haya," akasema. Nilipoinua macho, mlango ulikuwa mtupu. Nikachapisha upesi, na karatasi ya mwisho ilipotoka, umeme ukakatika.

Baadaye fundi aliikagua ile diski akatikisa kichwa. Ningeizima wakati ule, orodha isingepatikana tena. Akauliza nani alinishauri nisubiri. Nikakohoa.

Kesho yake nilipanda lori pamoja nao. Njiani, kuanzia Kidahwe, Inamahoro alilala mapajani mwangu. Kambini nikamkabidhi kwa mama mdogo wake, naye mtoto akageuka, akapinda goti, akanipigia makofi mawili, akageuza viganja, akaweka kimoja kifuani.

"Nani kamfundisha hivyo?" nikauliza.

"Mama yake, dada yangu," yule mama mdogo akasema. "Alikuwa anapiga hivyo yeye tu. Mtumbwi uliwapindukia ziwani. Hatukupata hata mwili wa kuzika."

Sikumuuliza dada yake alivaa nini.

Tangu siku hiyo mtu akinisalimia namsikiliza viganja kwanza. Nawe nakuonya: mashine ikikugomea na mtu akabisha hodi, ondoa kidole, umsalimie mpaka mwisho, hujui nani kamtuma nani. Mimi sijutii. Siku ile kambini makofi ya Inamahoro yalilia pa! pa! hadi watu waliopanga foleni wakageuka, nami nikayapokea kwa mikono yote miwili.