Chumba cha Pasi

Kila asubuhi Babu Dobi alichomeka pasi ukutani, akalowesha kidole na kuugusa uso wa pasi. Ikisema "chwi," imekolea moto. Miaka arobaini pasi ilimlisha, na sasa, katika mwaka wake wa sabini na nne, wateja walikuwa wanne tu: bintiye muuguzi, mkwewe, na wajukuu wawili ambao sare zao zilikuwa na mikunjo ya kukatia mkate.

Mvuke ukipanda, kile chumba kidogo kilipanuka. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono. Akifika mgongoni, marehemu mkewe alikuwa ameshakaa juu ya kapu la nguo, akimtania kwamba mashati yanabembelezwa kuliko alivyobembelezwa yeye. Mzee alikuwa na raha, na hakuona haya kuikiri.

Siku moja mazungumzo yaliwanogea mno. Alipozinduka, shati jeupe la mkwewe lilikuwa limepigwa muhuri wa pasi katikati ya mgongo, na siku hiyo mkwewe alikuwa na usaili wa kazi. La kuvunda halina ubani. Mkwe alivaa la bluu akaenda zake bila neno, na adabu ile ndiyo iliyomchoma mzee zaidi.

"Baba, ulisinzia umesimama," binti alisema.

"Nilikuwa nazungumza na mama yako."

"Hilo ndilo linalonitisha. Kesho tutaikuta nyumba majivu."

Akaifungia pasi kabatini na kuondoka na ufunguo. "Umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika."

Pumzika! Neno la watu wanaokutakia mema bila kukuuliza. Babu Dobi alipumzika siku tisa mpaka akaugua kupumzika. Chakula alikigusagusa tu. Wajukuu walipomsimulia ya shuleni aliitikia "ehe" mahali pasipohitaji "ehe." Mkewe naye hakutokea, kwani sebuleni hakukuwa na mvuke wala kapu.

Asubuhi ya siku ya kumi binti alirudi kutoka zamu ya usiku, akamkuta kwenye meza ya pasi. Mzee alikuwa ametandaza gauni la kazi la bintiye na kulipitishia kiganja kitupu, mkunjo kwa mkunjo, na machozi yalidondokea palepale ambapo angenyunyiza maji.

Binti alikuwa amewahi kuona wagonjwa wakizimika kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na akaogopa. Akaenda kufungua kabati.

"Utapiga nikiwa hapa tu, nakuona."

"Na usingizi wako je, mama?"

"Nitalala baadaye." Akavuta kiti, akaketi, macho yamemtoka kama askari wa lindo.

Mzee akaanza. Kola, mabega, mikono. Mvuke ukapanda taratibu, ukaufunika mwanga wa dirisha. Alipogeuza shati la pili, binti alikuwa amelala fofofo, kinywa wazi, viatu vya kazi bado miguuni. Hakuwa amelala mbele ya baba yake hivyo tangu alipokuwa mtoto.

Babu Dobi hakusinzia hata kidogo. Aliiinua na kuitua pasi polepole isigonge meza. Nguo za kapuni zilipokwisha, alikunjua zilizokwisha kunyooka, akaanza upya, ili asilazimike kumwamsha.