Picha ya Kutangulia Jeneza

Asubuhi tuliyomzika Baba bado naiona, Kibe, mdogo wangu, na nakuandikia humu kwa daftari kwa sababu wewe ulikuwa umefungwa mgongoni kwa Shosho, nyanya yetu, ukinyonya kidole. Siku moja utaniuliza alikuwa mtu wa aina gani. Kuongea mbele ya watu siwezi, unanijua. Kuandika naweza.

Baba alikuwa mpishi kwa nyumba moja Loresho, na mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi wa nyumbani. Jioni alirudi Kangemi akinukia vitunguu, akamwambia Mama akae chini apumzike, akaninyooshea yunifomu yangu kwa pasi yeye mwenyewe. Siku hizo alikuwa wetu. Lakini Jumapili, wapishi na yaya wakipewa ruhusa, alikuwa wao. Alishinda ofisi ya chama kule River Road, na mimi nilishinda nimenuna.

Asubuhi hiyo Mama alinipa picha yake niibebe, ile ya kutangulia jeneza. Tulipofika mlangoni mwa kanisa, wanawake wa chama wakaja na vitambaa vya kijani kichwani, wakilia, "Baba! Baba yetu!"

Yetu? Kifua kilinichoma.

Msichana mmoja akajitokeza, anaitwa Nafula, yaya wa Kitisuru. Akanyoosha mkono. "Sasa. Chama inaomba mmoja wetu abebe picha."

"Ni babangu," nikasema, nikiangalia viatu vyangu.

"Najua. Si wewe ndio alikuwa anaita Bosi? Alikuwa anakutaja mpaka tunachoka."

Sikucheka.

"Ile siku ya wazazi shuleni kwenu," akaendelea polepole, "ni mimi nilimchelewesha. Nilifukuzwa kazi, nikafungiwa nje bila viatu. Alisimama hapo kwa geti mpaka wakanipea vitu zangu."

Siku hiyo siisahau. Wazazi wa wenzangu walikuwa washaenda, nimebaki peke yangu kwenye nyasi. Baba alifika akihema, chapati zimepoa. Nilikataa kula. Hakuniambia alikotoka, na mimi sikumuuliza.

Sasa nilikuwa najua, na ukweli ni kwamba sikulainika. Wivu ulizidi. Geti la Kitisuru lilimpata asubuhi nzima. La shule yetu lilimpata likifungwa. Nikaikumbatia ile picha kama mtu anayeibiwa.

Shosho alikuwa amesikia yote. "Wewe Wanjiru, unadhani huyu anakunyang'anya nini? Sisi tukitoka makaburini tunaenda nyumbani tulie pamoja. Yeye jioni hii anarudi kupikia watu. Atalilia wapi?"

Nikasogea kidogo. Nafula akashika upande mmoja wa fremu, mimi nikashika ule mwingine, tukaingia hivyo, hatua zetu hazipatani. Mkono wake ulikuwa unanukia vitunguu. Hapo ndipo nilipolia.

Kwa hivyo, Kibe, mtu mwingine akimlilia Baba, usimuulize yeye ni nani kwetu. Mpe kiti. Ukiona wivu, na utaona, maana mimi bado naona, useme kabla haujachacha ndani yako. Na mtu akikujia amechelewa, anahema, kula kwanza chapati yake, halafu umuulize alikuwa wapi.

Mungu akukuze, mdogo wangu. Akupe mikono ya Baba, na akupe watu wa kukungoja hata ukichelewa.