Yule Niliyemtwika Njia ya Makobola

Kama ulikuwa kando ya barabara siku ya mbio za kutoka Makobola hadi Uvira, basi uliniona. Mimi ndiye yule mtu wa makamo aliyesimama ghafla njiani, mikono yote miwili juu, magoti yakitetemeka kama ya mtu anayepokea kitu kizito. Watoto walicheka. Mama mmoja alinimwagia maji kichwani akidhani ni jua. Wengine walisema nilikuwa nimelewa, na mimi kasiksi, pombe yetu ya ndizi, sijawahi hata kuionja. Nimechoka kueleza. Lakini kazi yangu ni kufundisha shule ya msingi, na mwalimu hana ruhusa ya kuchoka kueleza. Kwa hiyo nitaeleza tena, polepole, tangu mwanzo. Usiponiamini si neno. Nisikilize tu hadi mwisho, maana huko mwisho kuna jambo linalokuhusu wewe.

Avenyu yetu, yaani mtaa wetu, iko Kalundu, upande wa mlimani. Bomba hatuna. Wanawake na wasichana wetu huteremka ziwani na bidoni tupu, yale madumu ya plastiki, hupanda nazo zimejaa kichwani, na kila mvua zinapozidi, kipindupindu hutukumbuka. Basi shirika moja likatangaza mbio. Kila avenyu itoe watu watatu, na avenyu itakayowafikisha wote watatu kabla ya utepe kukunjwa italetewa bomba. Si lazima kushinda. Kufika tu, lakini wote.

Sisi tulikuwa na Amisi, mtoto wa mwuza vitenge, mwenye miguu ya mbuzi wa mlimani. Tulikuwa na Bahati, kinyozi. Wa tatu alikuwa kijana fundi wa pikipiki, naye zikiwa zimebaki wiki chache akalazwa kwa tifoidi. Tukakutana kutafuta wa kumrithi. Huyu akasema anavua usiku, yule akasema yuko njiani kwenda Bujumbura, mwingine akatuonyesha kovu la zamani gotini. Mke wangu, Mama Furaha, alikuwa amekaa kwenye bidoni lake, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Papa Furaha, kila siku uko nafundisha batoto kama kufika ni kutaka. Sasa weye taka, tuone."

Watu wakacheka sana. Jina langu likaandikwa wakati bado wanacheka.

Sasa, kama na wewe una mbio mbele yako na siku hazitoshi, usikate tamaa, nitakuambia nilichojifunza. Usijaribu kufidia muda kwa kukimbia kila siku hadi uanguke. Mwili hujengeka ukiwa umelala. Kimbia kidogo, tembea kidogo, kimbia tena, na wala usione haya kutembea. Ukiweza kuzungumza huku unakimbia, mwendo wako ni mzuri. Ukishindwa hata kuitikia salamu, punguza. Hayo ni ya kweli hadi leo.

Lakini kuyajua si kuyaweza. Asubuhi nilikuwa na darasa, jioni nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Siku niliyopata nafasi, mvua ilishuka mlimani na matope yake ikaifunga barabara. Siku iliyokauka, goti liliuma. Na waendesha pikipiki je? Hawakuniacha hata mara moja. "Mwalimu, nani anakukimbiza?" "Papa, mwizi ameisha kupita, rudi!" Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikamkuta Mama Furaha anapanda na maji, shingo yake ikitetemeka chini ya bidoni, nikaona haya hata kulalamika.

Nikaamua kuamka kabla ya mapambazuko. Na huko ndiko nilikomkuta.

Ni pale barabara inapoiacha bandari na kuusogelea ufuko. Taa za wavuvi zilikuwa bado ziwani. Mwanamke alisimama kando ya njia, kata ya kitambaa ikiwa tayari kichwani, na beseni la ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, liko chini mbele yake.

"Papa, minye siko na muntu," akasema. "Unitwike."

Unajua desturi yetu. Anayeomba kutwikwa hakatazwi, hata awe adui yako. Mzigo mzito mtu hawezi kujiinulia peke yake hadi kichwani, kwa hiyo leo unamtwika yeye, kesho mwingine atamtwika mke wako. Na ukishamtwika, unamwambia: upate wa kukutua. Basi. Maneno hayo yanamkabidhi kwa mtu wa huko anakokwenda, kisha wewe unaendelea na safari yako.

Nilishika beseni upande wangu, naye akashika wake, tukainua. Lilikuwa zito kupita samaki. Ndagala walikuwa wabichi mno, wengine bado wanarukaruka. Alipokwisha kunyoosha shingo akaniuliza, "Na huko, nani atanitua?"

Nilikuwa na haraka. Mapambazuko yalikuwa yananifukuza, darasa lilikuwa linaningoja. Badala ya kusema yale ya siku zote, nikatania. "Usiogope, mama. Nitakutua minye mwenyewe."

Hakucheka. Alisema tu, "Aksanti," kama mtu aliyepewa kitu, akaondoka.

Umewahi kuwaona wauza ndagala wanavyokwenda? Hawatembei, wala hawakimbii. Ni mwendo wa nyonga, shingo imesimama, miguu inafyeka, kwa sababu jua likiwakuta samaki njiani, hasara. Nilisema nitampita. Niamini, sikumpita. Nilikimbia hadi kifua kikawaka, naye akawa mbele yangu vilevile, karibu kabisa, maji yakimdondoka kutoka kwenye beseni. Tulipofika kwenye mto, mwanga ukatokea, nikapepesa macho, sikumwona tena.

Tangu hapo kila nilipotoka nilimkuta, beseni likiwa tayari kichwani. Nilipomsogelea nikiuliza, "Nikutue sasa?" alijibu, "Bado," akaanza kwenda. Sheria zangu zote za kukimbia kidogo na kutembea kidogo nikazisahau. Nilimfuata tu. Na uongo wa nini? Nilipata nguvu. Goti lilinyamaza. Bahati alikimbia nami jioni moja, akasimama kushika mbavu zake, akasema, "Mwalimu, banakupa nini kule kwako? Maharage gani hayo?"

Nilipomweleza Mama Furaha, alikunja uso. "Mwanamuke gani huyo wa kila asubui?"

"Muuza ndagala. Anaelekea Makobola."

Akaweka chini mwiko wa ugali. "Anatoka huku na ndagala, anazipeleka Makobola?"

"Ndiyo."

"Papa Furaha. Makobola ni bavuvi batupu. Nani anapeleka ndagala Makobola? Ni kupeleka maji mu ziwa!"

Unaona? Mtu yeyote wa pwani hii angelitambua jambo hilo siku ya kwanza. Mimi niliyefundisha watoto miaka yote hiyo kutazama kwanza ndipo wajibu, sikutazama. Na nilipoanza kutazama, nikakumbuka jingine: maji yaliyodondoka kutoka kwenye beseni lile hayakuacha hata alama moja ya unyevu barabarani.

Nilikwenda kuwauliza wanawake wanaonunua ndagala ufukoni. Waliinamia mabeseni yao. Kisha bibi mmoja, mzee wao, akanivuta pembeni. Alisema zamani kulikuwa na mwanamke wa kwao aliyeolewa Makobola. Siku moja kule ziwa lilikataa, hakuna aliyepata samaki, na nyumbani kwake kulikuwa na matanga ya kulisha watu. Akaja kununua huku. Wakamtwika, akaenda. Mtoni alikuta maji yamechukua daraja na ng'ambo hakuna mtu. Peke yake hakuweza kutua beseni bila kumwaga chakula cha matanga. Akasimama akingoja apite mtu. Maji yakapanda yakamkuta amesimama.

"Ulimuambia nini, mwanangu?" bibi akaniuliza.

Nilipomwambia, alishika mdomo. "Sisi wote tunamutwika, maana hakatazwi. Lakini tunamuambia upate wa kukutua, tunarudi. Hakuna muntu alishamuahidi."

Niliiacha barabara ile. Siku zilizobaki nilikimbia ndani ya avenyu, juu na chini, katikati ya kuku na watoto, nimejaa hasira. Kwa nini mimi? Nilikuwa nimetaka nini kikubwa? Bomba la maji!

Siku ya mbio ikafika. Mchana mweupe, watu pande zote mbili, ngoma, filimbi. Tulitoka Makobola tukiwa kundi moja. Amisi akapotea mbele na wakali wenzake. Mimi na Bahati tulikwenda kwa mwendo wetu, na mambo yalikuwa mazuri, nakuambia. Kijiji cha Kigongo tulikipita tukizungumza. Bahati alikuwa anapanga bomba litakaa wapi. "Karibu na kinyozi," anasema, "batu banawe kichwa kwanza." Nikacheka. Nilikuwa na hakika tutafika wote watatu.

Tukavuka mto.

Yule mwanamke alikuwa amesimama ng'ambo, kati ya watu waliokuwa wanapiga makofi, na mtoto mmoja alikuwa amesimama palepale aliposimama yeye, kana kwamba hapo hapana mtu. Beseni kichwani. Macho kwangu.

"Sasa," akasema. "Unitue."

Nilipita. Ndiyo, nilimpita, nikaangalia chini, nikakaza mwendo. Nilipoinua macho alikuwa mbele yangu tena, kando ya njia. "Unitue." Nikapita tena. Bahati akaniuliza kwa nini napumua hivyo. Mara ya tatu nikamwangalia vizuri, na hapo ndipo niliposhindwa. Nilikuwa tayari kwa jicho la kutisha, kwa meno, kwa lolote. Sikuwa tayari kwa shingo yake. Ilikuwa inatetemeka. Inatetemeka vilevile kama ya Mama Furaha anapofika mlangoni na maji, kabla mtu hajanyanyuka kumpokea.

Nilifikiri: ni kutua tu beseni. Kufumba na kufumbua. Nani ananyimwa bomba kwa sababu hiyo?

Nikasimama, nikainua mikono, nikashika.

Sijui nikuambieje uzito ule. Haukuwa wa samaki. Ulikuwa kama kushusha paa la nyumba likiwa na watu juu yake. Nilishusha kidogo, nikaliegemeza beseni kifuani, nikashusha tena. Nilisikia maji yakinguruma ingawa mto nilikuwa nimekwisha kuuvuka. Sikusikia watu. Beseni lilipogusa ardhi, yule mwanamke alishika shingo yake kwa mikono miwili, akaigeuza huku, akaigeuza kule, akavuta pumzi ndefu ambayo bado naisikia. "Aksanti, papa," akasema. "Nilichoka." Kisha pakawa na barabara tu, na kata ya kitambaa mavumbini, imelowa maji.

Nilidhani nimesimama kidogo tu. Bahati anasema alinivuta mkono, alinipiga kofi, akanililia kama mtoto: "Mwalimu, twende! Mwalimu, bomba!" Alisema nilikuwa mgumu kama nguzo. Mwishowe akaniacha, akakimbia peke yake akilia. Nilipofika Uvira jua lilikuwa limekwisha kukaa juu ya milima yetu, utepe umekunjwa, watu wanapakia viti. Amisi alikuwa amekaa chini, medali shingoni, hakunitazama.

Bomba lilikwenda avenyu nyingine.

Unafikiri waliniambia nini nyumbani? Walio wema walisema pole, ni jua. Wengine bado wananipigia filimbi nikipita. Mama Furaha, nilipomwonyesha kata ile, aliishika, akanirudishia, akachukua bidoni lake akateremka ziwani. Ninayo hadi leo, nimeitundika darini, jikoni, juu ya moto. Haijakauka. Na mikono yangu kila alfajiri inanuka ndagala wabichi, ninawe kwa sabuni nisinawe. Yule mwanamke hakuna aliyemwona tena kwenye njia ile. Wanawake wa ufukoni wameniambia hivyo, nao ndio pekee wasionicheka.

Je, nilikosea kusimama? Kuna siku nasema ndiyo, na hasira inanipanda upya, hasa ninapowaona wasichana wa avenyu yetu wakipanda mlima na bidoni. Nimejiwekea jambo moja. Mama Furaha anapofika mlangoni, hata niwe na kalamu mkononi, hata niwe nakula, nanyanyuka kumtua. Juzi nilikuwa nimemshusha bidoni, akabaki ameshika shingo yake, ananiangalia.

"Ilikuwa nzito kuliko hii?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Basi ulifanya vizuri," akasema, akaingia ndani na maji yake. Ni yeye peke yake aliyewahi kuniambia hivyo.

Nawe unayenisoma, ukiwa na mbio mbele yako na siku hazitoshi, kimbia, utaweza, usiogope matope wala maneno ya watu. Lakini ukikuta mtu kabla ya mwanga, kata kichwani, mzigo chini, akakuomba umtwike, mtwike. Hakatazwi. Mwambie tu upate wa kukutua, upite zako. Usimwambie kwamba utamtua wewe, hata kwa utani, hata kama una haraka, isipokuwa uwe tayari kusimama siku ambayo hutaki kabisa kusimama. Kwa sababu siku hiyo ndiyo atakayoichagua.